Unauza mtandaoni kwa wateja wa nje ya nchi? Kodi inayokuhusu ukiwa Gatumba, na ukiwa ng'ambo

Gatumba iko kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Uvira, karibu na mpaka wa Kongo. Watu wengi waliopita hapa wakiwa wakimbizi leo wanaishi Marekani, Kanada, Ulaya na Australia. Kwa hiyo fundi wa nguo wa Gatumba anaweza kuwa na wateja Texas, Brussels au Oslo. Wanaona picha kwenye WhatsApp, wanatuma pesa, kisha wanangoja kifurushi. Biashara huenda upande wa pili pia: ndugu aliyehamia Marekani anauza simu, viatu au nguo kwa watu waliobaki Gatumba, Bujumbura na Uvira.

Shida huanza kifurushi kinapofika kikiwa na kodi ambayo hakuna aliyeitaja. Mteja anaambiwa alipe kabla ya kukabidhiwa, anakasirika, anakikataa. Muuzaji anapoteza kitambaa, nauli na mteja kwa siku moja. Kama mtaji ulitoka kwenye likelemba, deni linabaki palepale.

Ukurasa huu unaeleza kodi gani hutozwa, nani anailipa, na ufanye nini kabla ya kufunga kifurushi.

Jambo la kwanza kushika

Kodi ya mauzo hufuata bidhaa. Kwa kawaida inatozwa na nchi ambako bidhaa inafika na kutumiwa, si nchi ambako muuzaji anaishi. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "Mimi niko wapi?" Anza kwa kuuliza "Kifurushi hiki kinafika wapi, na kule nani anatakiwa kulipa?"

Usichanganye malipo haya manne

1. *Kodi ya mauzo.* Ni asilimia ya bei anayolipa mnunuzi. Burundi na Kongo inaitwa TVA. Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza inaitwa VAT. Australia ni GST. Kanada ni GST au HST kulingana na jimbo. Marekani haina TVA ya taifa. Kila jimbo lina kodi yake ya mauzo.

2. *Ushuru wa forodha, yaani duwane.* Hutozwa bidhaa inapoingia nchini, kulingana na aina yake, thamani yake na nchi ilikotengenezwa.

3. *Kodi ya mapato.* Hii ni juu ya faida yako wewe. Unaweza kuwa hudaiwi kodi ya mauzo hata kidogo na bado ukadaiwa kodi ya mapato pale unapoishi.

4. *Ada ya posta au kampuni ya usafirishaji.* Si kodi. Ni malipo yao kwa kazi ya kupitisha kifurushi forodhani. Mteja akilalamika kwamba "kodi ni kubwa", mwombe picha ya risiti. Mara nyingi sehemu ya pesa hizo ni ada hii.

Uko Gatumba, mteja yuko nje: upande wa Burundi

Burundi ilianza kutoza TVA mwaka 2009, na kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Anayeikusanya ni OBR, ofisi ya mapato ya Burundi. Bidhaa inayouzwa nje ya nchi hutozwa TVA ya asilimia 0. Maana yake, humwongezei mteja wa Ubelgiji au Marekani asilimia 18 ya Burundi.

Ili asilimia hiyo 0 ikubaliwe, uwe na ushahidi kwamba bidhaa ilitoka kweli: ankara (fagitire), karatasi ya forodha na stakabadhi ya posta au ya kampuni iliyosafirisha. Muuzaji aliyejiandikisha kwa TVA asipokuwa na karatasi hizo anaweza kuhesabiwa kama aliuza hapa hapa ndani.

Wauzaji wadogo wengi hawajajiandikisha kwa TVA. Kama wewe ni mmoja wao, huruhusiwi kuandika TVA kwenye ankara yako, na huwezi kudai urudishiwe TVA uliyolipa ulipokuwa unanunua kitambaa na nyuzi. Ihesabu ndani ya gharama zako. Biashara ikianza kukua, nenda OBR uulizie NIF, namba ya mlipa kodi, kwa sababu bila hiyo ni vigumu kupitisha mzigo wa biashara forodhani kwa jina lako. Kama hati yako ni ya ukimbizi, ibebe na uulize inakubaliwa vipi.

Mteja yuko Marekani

Majimbo 45 yana kodi ya mauzo ya jimbo. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hayana. Alaska haina ya jimbo, lakini baadhi ya miji yake inayo.

Tarehe 21 Juni 2018, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Tangu hapo jimbo linaweza kumdai kodi ya mauzo hata muuzaji asiye na duka wala ofisi ndani yake, mradi mauzo yake huko ni makubwa vya kutosha. Katika kesi hiyo kipimo kilikuwa dola 100,000 kwa mwaka, na majimbo mengi yalifuata kiasi hicho. California na Texas ziliweka dola 500,000. Fundi anayeuza magauni machache kwa mwezi yuko mbali sana na viwango hivyo, kwa hiyo kwa kawaida halazimiki kujisajili katika jimbo lolote. Majimbo mengi humtaka mnunuzi mwenyewe atangaze kodi ya kitu alichonunua bila kutozwa, lakini hilo ni jukumu lake, si lako.

Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni kama Etsy au eBay, sheria za majimbo yenye kodi ya mauzo hulitaka soko lenyewe likusanye kodi hiyo na kuilipa. Usiiongeze mara ya pili kwenye bei. Kabla ya yote hakikisha kwamba soko hilo linapokea wauzaji kutoka nchi unayoishi, maana si yote yanayopokea.

Lililobadilika sana ni ushuru wa forodha. Zamani kifurushi cha thamani ya hadi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Nafuu hiyo ilisimamishwa kwa nchi zote kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, na katika siku hizo posta za nchi nyingi zilisitisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda Marekani. Viwango vimebadilika zaidi ya mara moja. Usimtajie mteja kiwango ulichosikia mwaka jana. Siku ya kutuma, uliza posta au kampuni maswali mawili: mnapokea vifurushi vya bidhaa kwenda Marekani, na ushuru unalipwa hapa au kule?

Mteja yuko Ulaya au Uingereza

*Nchi za Umoja wa Ulaya.* Tangu tarehe 1 Julai 2021 hakuna kifurushi cha biashara kinachosamehewa TVA, hata kiwe cha bei ndogo namna gani. Kiwango ni asilimia 21 Ubelgiji na Uholanzi, 20 Ufaransa, 19 Ujerumani na 25 Sweden. Kuna mpango wa hiari uitwao IOSS, kwa vifurushi visivyozidi euro 150, ambao humwezesha muuzaji kutoza TVA wakati wa kuuza. Kama hujajiunga nao, TVA inadaiwa kwa mnunuzi kifurushi kinapoingia, na ada ya posta juu yake. Hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa wauzaji wadogo wengi, na si kosa. Kosa ni kutomwambia mteja.

*Norway.* Kodi ni asilimia 25. Muuzaji wa nje ambaye mauzo yake huko hayafiki kroner 50,000 kwa mwaka halazimiki kujisajili. Mnunuzi hulipa kifurushi kinapoingia.

*Uingereza.* Hapa kuwa mwangalifu zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2021, shehena isiyozidi pauni 135 ikiuzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa kawaida, muuzaji wa nje ndiye anayetakiwa kujisajili na kutoza VAT ya asilimia 20, na hakuna kiwango cha chini cha mauzo kinachomsamehe. Kwa fundi wa Gatumba huo ni mzigo mkubwa. Kuna njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kuuza kupitia soko la mtandaoni, ambalo hulipa VAT lenyewe. Ya pili ni kumuuzia kwa jumla ndugu au rafiki mwenye duka lililosajiliwa VAT: akikupa namba yake ya VAT, yeye ndiye anayeihesabu. Shehena ikizidi pauni 135, VAT na ushuru hulipwa inapoingia.

Mteja yuko Kanada au Australia

*Kanada.* Kifurushi kutoka Afrika kikizidi dola 20 za Kanada hutozwa kodi kinapoingia: GST ya asilimia 5, au HST katika majimbo yanayoitumia, kwa mfano asilimia 13 Ontario. Kikiwa na kodi ya kulipwa, Canada Post huongeza ada yake ya dola 9.95. Mteja aliyenunua kitu cha dola 25 anaweza kukuta ada imeshinda kodi yenyewe. Ni bora kumshauri aagize vitu viwili au vitatu kwa pamoja.

*Australia.* Kwa bidhaa zisizozidi dola 1,000 za Australia, GST ya asilimia 10 inamhusu muuzaji ambaye mauzo yake huko yamefika dola 75,000 kwa mwaka. Chini ya hapo hulazimiki kujisajili. Lakini kuna ukaguzi mkali wa vitu vya mimea na wanyama. Vikapu vya nyasi, vinyago vya mbao na ndagala wakavu vinaweza kuzuiliwa hata kama hakuna kodi inayodaiwa. Mteja aulize kwanza kule.

Mteja yuko Uvira

Kuvuka Gatumba hadi Kavimvira ni safari fupi, lakini kwa sheria ni kuuza nje ya nchi. Kongo ilitoza TVA kwa mara ya kwanza mwaka 2012, na kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Forodha ya Kongo inasimamiwa na DGDA.

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo tangu 2022. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa na isiyozidi dola 2,000, inaweza kupata cheti chepesi cha asili kinachoondoa ushuru wa forodha. Kumbuka mambo mawili. Cheti hicho hakiondoi TVA. Na kitenge kilichotoka Asia kikauzwa kama kilivyo hakihesabiwi kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa sababu tu kilinunuliwa Bujumbura. Kabla ya kubeba mzigo, uliza mpakani kama utaratibu huo unatumika siku hiyo kwa bidhaa yako, na kila unapolipa dai risiti. Malipo yasiyo na risiti si kodi.

Uko Marekani, mteja yuko Gatumba

Kama umehamia Marekani na unauza mtandaoni, mauzo yako yana sura mbili.

Ukimuuzia mtu wa jimbo unaloishi, kwa kawaida unahitaji kibali cha kodi ya mauzo cha jimbo hilo tangu mwanzo wa biashara, hata kama mauzo ni madogo. Kinachotozwa kinatofautiana: Texas hutoza kodi kwenye nguo, Pennsylvania na Minnesota hazitozi kwenye nguo nyingi za kawaida.

Ukimuuzia mtu wa Gatumba na ukaituma bidhaa mwenyewe hadi Burundi, kwa kawaida kodi ya mauzo ya jimbo haitozwi. Katiba ya Marekani huzuia majimbo kutoza kodi bidhaa zinazosafirishwa nje, na Mahakama Kuu ilitumia kanuni hiyo dhidi ya kodi ya mauzo ya California mwaka 1946. Lakini jimbo litataka ushahidi. Weka ankara yenye anwani ya Burundi pamoja na stakabadhi ya usafirishaji.

Hapa wengi hukosea. Mteja wa Gatumba akikulipa, kisha binamu yake wa Dallas akaja kuchukua bidhaa nyumbani kwako "ataipeleka akisafiri", kwa macho ya jimbo bidhaa imekabidhiwa Texas, na kodi ya Texas inadaiwa. Ukiikabidhi kwa kampuni inayokusanya mizigo ya makontena, masharti hutofautiana kwa jimbo. Waombe hati ya kusafirisha yenye jina lako, bidhaa na nchi inakokwenda.

Mauzo ya nje hayakusamehe kodi ya mapato. Faida halisi ya kazi ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka, unatakiwa kuitangaza kwa IRS. Kama familia yako inapokea msaada wa chakula au wa matibabu, mapato ya biashara lazima yatajwe huko pia.

Upande wa Burundi, mpokeaji hulipa. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. TVA ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezwa ushuru.

Hesabu mbili za mfano

*Gauni kutoka Gatumba kwenda Brussels.* Gauni euro 50, nauli euro 20. TVA ya Ubelgiji ni asilimia 21 ya euro 70, yaani euro 14.70. Mteja aliyedhani amemaliza kwa euro 70 atatumia euro 84.70, na ada ya posta juu yake. Ukimwambia mapema, anaamua mwenyewe. Usipomwambia, atadhani umemdanganya.

*Boksi kutoka Texas kwenda Gatumba.* Thamani pamoja na nauli na bima ni dola 100, na bidhaa iko kwenye ngazi ya asilimia 25. Ushuru ni dola 25. TVA ni asilimia 18 ya dola 125, yaani dola 22.50. Jumla ni dola 47.50, karibu nusu ya thamani ya boksi, kabla ya ada nyingine.

Usiandike "zawadi"

Utasikia ushauri huu kila mahali: "Andika ni zawadi, kodi haitatozwa." Ni kweli kwamba nchi nyingi husamehe zawadi ndogo: hadi pauni 39 Uingereza, euro 45 Umoja wa Ulaya, dola 60 Kanada, dola 100 Marekani. Lakini zawadi ni kitu ambacho mtu binafsi amemtumia mwenzake bila malipo. Kitu kilicholipiwa si zawadi, hata kama mnunuzi ni dada yako wa tumbo moja.

Tamko la uongo linaweza kuleta faini au kunyang'anywa mzigo. Na huna fidia: ukiandika gauni la dola 60 kuwa zawadi ya dola 5, likipotea njiani utalipwa kwa hesabu ya dola 5. Kwa mteja ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, kesi ya forodha si jambo la kucheza nalo. Usimwingize humo kwa ajili ya kuokoa dola chache.

Kabla ya kufunga kifurushi

- Muulize mteja nchi, jimbo na anwani kamili, kisha angalia hapo juu kodi ya kule.
- Mwandikie ujumbe, si kwa sauti tu: "Bei hii haina kodi ya kuingiza. Utadaiwa kodi na ada kifurushi kikifika." Asubiriwe ajibu "nimekubali" kabla ya wewe kukata kitambaa.
- Uliza kampuni kama inakubali mtumaji alipe kodi mapema. Ikikubali, iongeze kwenye bei.
- Andika ankara: jina na anwani ya muuzaji na ya mnunuzi, tarehe, kila bidhaa na idadi yake, bei ya kweli, nauli na nchi ilikotengenezwa. "Nguo" peke yake haitoshi. Andika "gauni 1 la kike, la pamba, jipya".
- Weka namba ya forodha ya bidhaa, tarakimu sita zinazotumika dunia nzima. Gauni la kike la kitambaa cha pamba ni 6204.42. Kwa bidhaa nyingine, uliza posta.
- Jaza fomu ya forodha ya posta, CN22 au CN23, kwa maneno na bei zilezile za kwenye ankara.
- Piga picha ya ankara, fomu na stakabadhi kabla ya kutoka posta, na ujitumie mwenyewe. Kwa waliopoteza karatasi kwa mafuriko ya Rusizi, hili halihitaji maelezo.

Maelezo haya ni ya jumla. Viwango hubadilika, hasa vya Marekani. Kwa mzigo mkubwa, uliza kwanza: OBR ukiwa Burundi, idara ya kodi ya jimbo lako ukiwa Marekani. Kuuliza hakuna faini.